Tasa Niliyoitaja Kwenye Simu

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Matongo, na mdomo wangu umeizidi akili yangu. Jumamosi nilisimama uani nikibishana kwa simu na mwalimu mwenzangu wa Natta kuhusu namba 65,537. Yeye alidai inagawanyika. Nikapaza sauti: "Ni tasa. Nimejaribu kila njia mpaka nimechoka. Ni tasa tu."

Mama alikuwa zizini. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini neno hilo analijua.

Kesho yake nikawakuta wazee wa ukoo sebuleni, wamekuja kupanga kudai ng'ombe wa mahari warudishwe. Mke wangu Bhoke alikaa chini.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu baba mdogo. "Umesema mkeo ni tasa."

"Ni namba, baba. Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Nikashika chaki, nikaanza kugawanya ukutani kama mwendawazimu. Kwa tatu, ikabaki. Kwa saba, ikabaki.

"Kama tasa ni namba," mama akauliza, "mjukuu wangu yuko wapi?"

Bhoke akainua macho. "Mwalimu, waambie sasa. Daktari alisema tasa ni nani kati yetu?"