Mama Nakala na Mti Namba Kumi na Moja

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni, nikibishania fungu la dagaa ambalo muuzaji aliapa ni kubwa kuliko la jirani yake. Nilikuwa nimeyahesabu mafungu yote mawili, mara mbili, nikajua anaapa bure. Simu ikaita. "Mama Nakala hatunaye," alisema mtu wa kituo cha utafiti. Nikalipa bei ileile aliyoitaja muuzaji, bila kuomba anipunguzie hata shilingi, naye akanitazama kwa wasiwasi. "Kaka," akaniuliza, "umefiwa?"

Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe asingependa na kwa kuwa nusu ya mji haikulijua. Alikuwa mtunza maktaba wa kituo kimoja cha utafiti wa kilimo mkoani kwetu, mtu wa kuja kutoka Njombe, aliyepanga chumba Ufukoni hadi akajenga hukohuko. Kazi yake ilikuwa moja. Utafiti ukigharimiwa na fedha za serikali, na makala yake ikatoka kwenye jarida, hata liwe la ng'ambo linalosomwa kwa dola, mwandishi hupaswa kuweka nakala yake kwenye hazina ya kituo mtandaoni, asome anayetaka. Sharti hilo limo kwenye mkataba, kurasa za nyuma, pale ambapo watu hutia saini huku wakitazama saa. Yeye alizisoma kurasa za nyuma. Wasomi wakimwona koridoni walijifanya wanaongea na simu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hana tena nafasi ya kulitia maji, kwa hiyo namsifu bila hofu. Niongeze tu, kwa haki, kwamba chai yake haikunyweka, na kwamba alinijazisha fomu hata nilipotaka ukurasa mmoja. Siku ya kwanza nilipomwendea, mimi mwandishi wa gazeti, kutafuta makala kuhusu mihogo, nilianza kama ninavyoanza popote. "Bei gani?" nikamuuliza. "Bure." "Niambie bei ya mwisho, Mama." "Mwandishi, nimesema bure. Nikikupunguzia hapo, utakuwa unanidai." Nikatoka na karatasi zangu, nikazihesabu nje ya mlango nikitafuta iliyopungua. Haikupungua hata moja, na jambo hilo lilinisumbua wiki nzima.

Lakini ninalomkumbukia zaidi ni la mkulima mmoja wa Mpapura, mtu ninayenunua korosho kwake. Watafiti walifanyia majaribio shambani kwake misimu mitatu. Mikorosho yote ilipuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, isipokuwa mstari mmoja wa miti kumi na minne. Huo uliachwa makusudi bila dawa ili tofauti ionekane, naye akakubali kupoteza mavuno yake. Wakapaka namba kwenye mashina, wakahesabu, wakaaga. Majibu hayakurudi. Mwishowe akaamua kuukata mstari wote achome mkaa, na mwenye msumeno akaahidiwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo akanifuata mjini, nikampeleka kituoni. "Nikate, nisikate?" akauliza. "Nyie mliohesabu ndio mnaojua. Mimi nilikuwa naangalia tu."

Mama Nakala akatafuta kwenye hazina yake, hakuona kitu. Makala ilikuwa imetoka ng'ambo karibu mwaka mzima uliopita, na Daktari aliyeiandika hakuwa ameleta nakala. Basi akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya meza ya Daktari, akakaa. "Nitakuletea kesho, Mama," akasema Daktari. "Kesho yako naijua, Dokta. Imeshaota ndevu." Daktari akachapa haraka ile nzuri yenye nembo ya jarida, akamnyooshea. Mama Nakala hakuipokea. "Hiyo ni ya kwao. Nipe uliyoandika wewe, waliyoikubali kabla hawajaipamba. Hiyo ndiyo tunayoruhusiwa kuitoa." Ilipatikana alasiri ya Jumanne, ndani ya barua pepe ambayo Daktari aliapa hajawahi kuituma. Hapo likazuka lingine: kwa makubaliano na jarida, nakala ya mwandishi isingefunguliwa kabla ya kutimia mwaka mmoja. Zilibaki siku tisa. Kwa msumeno zilibaki nne.

"Fungua leo," nikamwambia. "Siku tisa tu, nani atajua?" "Nitajua mimi." "Basi tukutane katikati, nne na nusu." Akanitazama kwa huruma. "Mwandishi, tarehe haina dalali." Kusema kweli nilikasirika. Nilimwona ni walewale, mtu wa karatasi anayeacha mti ufe ili muhuri upone. Naye hakunijali. Aliuvuta mkataba wa jarida, akausoma wote, kisha akarudi mwanzo akausoma tena, akavua miwani. "Dokta," akasema, "hapa wamefunga karatasi. Mdomo wako hawakuufunga. Kesho twende Mpapura."

Tukaenda. Daktari akasimama kati ya mikorosho akaanza maneno ya semina, hadi mkulima akamkatiza: "Dokta, ongea na mimi, achana na hewa." Ndipo akainama, akaanza kufuta vumbi kwenye mashina akitafuta namba. Miti miwili, namba nne na namba kumi na moja, ilishika maua misimu yote mitatu karibu sawa na ile iliyopata dawa. Hiyo ndiyo ya kukatia vikonyo, vile vijiti vya kuunganishia, akasema, abebeshe miche yake michanga. Iliyobaki akitaka akate. Mkulima akaweka kiganja kwenye kumi na moja. "Jumamosi ningekata na huu." "Ungekata." "Na wewe umelijua hili tangu lini?" Daktari akatazama viatu vyake. "Tangu mwaka juzi," akasema. Jumamosi msumeno ulikata miti kumi na miwili. Siku ya tisa asubuhi nakala ikafunguka, ikiwa na kurasa mbili za muhtasari wa Kiswahili ambazo hakuna kanuni iliyozidai.

Sisi tuliozoea kupatana tunaidharau kanuni. Tunaiona ni ukuta, na mjanja ni yule anayeuruka. Mama Nakala aliujua ukuta wake tofali kwa tofali, ndiyo maana aliujua na mlango. Angenifungulia ile nakala kwa siri siku hiyo, ningemshukuru, na makala ya pili ingelala kabatini kama ya kwanza. Tangu safari ile Daktari alileta nakala zake mwenyewe, bila kuletewa kiti. Na kuna hesabu iliyonipita, mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili. Mkulima yule aliulipia utafiti ule mara mbili, kwa kodi yake na kwa mavuno ya mstari wake, na bado alikuja kituoni kuuliza kama mtu anayeomba msaada.

Juzi tulikuwa msibani Ufukoni, mwili ukisubiri kusafirishwa kwao. Mkulima akafika na mche wa mkorosho kwenye kiriba cha nailoni, akauliza ni gari lipi linakwenda Njombe. Nikamvuta pembeni. "Ndugu yangu, kule ni baridi. Mkorosho hauoti." "Mwandishi," akanijibu, "sijauliza kama utaota. Nimeuliza kama gari lina nafasi." Nafasi haikuwepo. Aliyeshusha begi lake na kulipakata safari nzima, ili mche wa namba kumi na moja usimame wima nyuma ya kiti, alikuwa Daktari.

Wengi wetu tuna jibu la mtu mwingine mahali fulani, kwenye droo, kwenye simu, kwenye faili lenye kichwa kirefu. Tunalingoja lipambwe, au tunangoja tuombwe. Mwenye jibu lake hajui kulidai, kwa kuwa hajui kama lipo. Anachokijua ni siku aliyompangia mwenye msumeno. Mpelekee kabla ya Jumamosi.