Yule Mpiga Mtama wa Alfajiri

Tak. Tak-tak. Tak.

Sauti hiyo iliniamsha siku tisa mfululizo, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Siku ya tisa nikamtukana mtu nisiyemwona, na hadi leo najuta.

Mimi ni Bibi Mgeni, wa Bagamoyo. Naishi na mjukuu wangu Adila, ana miaka kumi na tisa. Sauti ile ilikuwa ya vidole vyake kwenye pedi ya gemu. Gemu la kupigana: wewe uko kwako, mwenzio kwake, mnakutana mtandaoni. Anacheza saa hizo kuwahi bando la usiku kabla halijaisha. Kukicha ananiletea chai kitandani, kwa hiyo simgombezi sana.

Gemu lenyewe lina uzuri wake. Mpiganaji mnene ana pigo zito ila anachelewa kugeuka. Mwembamba ana mbio, ila ngumi mbili tu, chali. Mnyonge akitumia akili anashinda.

Ubaya wake, mtandao ukikwama unapigwa umesimama kama sanamu. Na kuna kipaza sauti cha kutukania, lakini hakuna kitufe cha kusalimia.

Siku zote hizo Adila alikuwa anapigwa na mtu mmoja tu, anajiita Nguzo.

"Bibi, huyu hasogei," akaniambia, macho mekundu. "Vitufe vya kusogea na kujikinga viko kushoto, yeye hata havigusi. Anasimama palepale. Ukimkaribia, mtama. Chini."

"Basi usimkaribie."

"Nisipomkaribia nitampigaje?"

Nikamvua visikilizi vyake vya masikioni, nikavivaa mimi. Nikasikia mtu anapumua. Hasira ikanipanda.

"We Nguzo, huna pigo jingine? Au una mkono mmoja?"

Adila akala mtama mwingine.

Kisha sauti ya mwanamke mzee, ulimi mzito kidogo, ikasema, "Inuka. Hujafa."

Nikavibana visikilizi masikioni.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniangusha kwa mtama mchangani tukiwa watoto, halafu akaniambia maneno hayo. Dada yangu Kuruthumu, wa Mbegani.

Miaka minane hatusemezani. Mama alifariki nikiwa safarini, Miono. Kuruthumu akaamuru azikwe kabla sijafika. Nikakuta kaburi limeshafukiwa. Tangu siku ile nikamnyima shikamoo.

"Kuruthumu," nikasema.

"Kama umenijua, mbona hujaniamkia?"

"Aliyenizikia mama bila mimi hana shikamoo yangu."

"Basi kaa nayo." Akakata.

Kulipokucha nikapanda bajaji kwenda Mbegani. Sikwenda kupatana, nisiwadanganye. Nilikwenda kumtolea yote ya miaka minane, majirani zake wakisikia.

Nikamkuta barazani, pedi mapajani. Mkono wa kushoto umelala juu ya kanga kama kitu ambacho mtu amekisahau pale. Kidole gumba cha kulia tu ndicho kilichokuwa kinabonyeza.

"Kiharusi," akasema mjukuu wake, Mwinyimvua, akinisogezea kiti. "Tangu Ramadhani. Nilimpa pedi azoeze vidole."

Hapo nikaelewa kwa nini Nguzo hasogei.

"Umekuja kuhesabu mikono?" Kuruthumu akaniuliza.

Maneno yote niliyoyapanga kwenye bajaji yakapotea.

"Shikamoo dada."

Kidole gumba kikaacha kubonyeza.

"Marahaba. Kwa joto lile mama hangeweza kungoja, Mgeni. Lakini nilipaswa kukupigia simu kwanza. Sikupiga."

"Hukupiga."

"Sikupiga."

Sikumwambia nimesamehe. Sijui kama nimesamehe. Nilivuta kile kiti, nikashika pedi upande wa kushoto, yeye akabaki na kulia. Mimi nasogeza na kukinga, yeye anapiga. Adila, kule nyumbani, alinunua bando la mchana, akapigwa mara nne, kisha akatuma ujumbe: "Nguzo kaota miguu."

Kuruthumu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wewe unayesoma, mtu akikupiga kwa pigo lilelile kila siku, kabla hujamtukana, tazama kwanza kama ana jingine. Mimi nilitukana kwanza.

Jua liliposogea nikaaga. Dada yangu hakunitazama.

"Ijumaa uje tena," akasema. "Na huo mkono wa kushoto uje nao."