Pingili Kumi na Mbili za Mama Sarala

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposhindwa hata kutaja jina langu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Kongo na darasa la sita tu, naandika polepole na haya imenijaa. Nilikuwa nafanya mtihani wa kuhudumia wagonjwa. Kupima mapigo ya moyo nilijua. Lakini hatua ya kwanza ni kumsalimu mgonjwa na kujitambulisha, na mimi nilimshika tu mkono yule mama aliyelala kitandani kama mgonjwa, kimya, kama mwizi. Wakaniambia nimefeli. Nikifeli tena, kazi niliyowekewa ingepewa mwingine, na nyumbani wote walikuwa wakiitegemea.

Kosa langu lilikuwa hili: nilisoma na kompyuta peke yake. Niliipenda kwa sababu haicheki. Unabonyeza, inakuambia umepata, basi.

Ghorofa ya chini katika jengo letu, pale Brooklyn Center, Marekani, aliishi Mama Sarala, mwalimu mstaafu kutoka India. Mama yangu alimpelekea sambusa, akamweleza aibu yangu yote. Kesho yake nikaitwa. Mama Sarala alitandika mkeka, tukakaa tukitazamana, akanifundisha kama babu yake alivyomfundisha: yeye anasema, mimi narudia kwa sauti, kisha nasema peke yangu, kisha naanzia mwisho nikirudi mwanzo. Kila hatua aliiweka kwenye pingili ya kidole, dole gumba likihesabu. Vidole vinne, pingili tatu tatu, hatua kumi na mbili.

Nikanung'unika, "Mama, hii ni ya watoto wadogo. Kompyuta inatosha."

"Beti," akasema, maana kwao ndivyo wanavyomwita binti, "kompyuta ikikuuliza inakupa majibu manne uchague. Mgonjwa naye atakupa manne?"

Nikanyoosha vidole vyangu, tukaanza upya na pingili ya kwanza.

Wala kompyuta hakuitupa. Alitaka tutazame video kwanza, kisha akaifunga na kusema, "Sasa nifundishe mimi." Alijifanya mgonjwa mkorofi, akilalamika kwamba mikono yangu ina baridi, mpaka tukacheka. Jioni nilirudia masomo nyumbani, na mama yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, akawa ameshika hatua zote kwa kusikia tu. Nikiruka moja, anapiga kelele kutoka jikoni: "Weye Furaha! Hujanawa mikono, na unamshika mtoto wa watu!"

Siku ya mtihani wa pili nilisimama kando ya kitanda. Dole gumba likagusa pingili ya kwanza, na mdomo ukafunguka: "Habari za asubuhi, mama. Naitwa Furaha. Nimekuja kukuhudumia." Hatua nyingine zikafuata zenyewe. Niliporudi na habari kwamba nimefaulu, mama yangu akasema, "Cheti hicho ni chetu sisi wawili."

Leo mimi ndiye ninayewafundisha wageni kazini. Wanatazama video, kisha wanakaa wawili wawili wakitazamana, vidole vikihesabu. Hununa siku ya kwanza tu.

Mwanangu, fungua mashine ujifunze, usiiogope. Lakini kabla hujalala, ifunge, umwambie mtu ulichojifunza, kwa sauti, hata kama sauti inatetemeka. Na usimcheke mzee anayekutaka urudie tena na tena. Mungu akupe mwalimu mvumilivu, na jikoni kwenu asikose mtu wa kukupigia kelele.