Gamba Nililolisugua

Fundi wa misalaba ananisubiri uani hapa Nyololo, msumari mkononi, saruji ikiwa bado mbichi. Msalaba wa bibi ameshaumaliza; kwenye huu wa pili ameshaandika jina la baba mdogo. Sasa anauliza, "Dada, alifia wapi?" Nimemwambia anipe dakika chache, nikaingia chumbani kwa marehemu bibi. Nakusimulia wewe, maana sina mwingine wa kumwambia.

Bibi tumemzika juzi. Nyumba bado inanuka moshi wa kuni na maharage, na lile kopo la majani ya chai liko palepale dirishani. Ndani yake kuna gamba dogo, halizidi ukucha wa kidole gumba, lina umbo la kofia iliyochongoka. Ni la mnyama wa baharini anayegandamana na miamba. Baharini! Sisi huku tunajua ukungu, njegere na viazi vya kuchemsha, vile bibi alivyowauzia madereva wa malori barabarani.

Dereva mmoja ndiye aliyeleta koti la baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, aliyeteremka pwani kutafuta kazi. Yeye alilipokea kwa dereva mwenzake, naye kwa mwingine. Habari iliyofika nalo ilikuwa moja tu: mwenye koti kafariki, kazikwa hukohuko. Pwani ipi, hakuna aliyejua. Mfukoni mlikuwa na hilo gamba.

Bibi alitaka udongo wa kaburi, hata kiganja kimoja, auzike nyumbani. "Hako kagamba kanajua mwanangu alikolala," aliniambia. "Kapeleke kwa mwalimu wako."

Nilikuwa nasoma bweni, karibu na Tosamaganga. Mwalimu wa baiolojia alikuwa na kitabu cha picha za magamba. Alinieleza kwamba wanyama hao wana aina nyingi. Wengine wapo pwani yote, wengine wana sehemu zao. Unatazama kama kilele kiko katikati au pembeni, unahesabu matuta yanayoshuka hadi ukingoni, unaangalia michirizi ya rangi. "Lilete Jumamosi nilione," akasema. "Siahidi, lakini tutajaribu."

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Kwetu kitu hakipelekwi mbele ya mwalimu kikiwa kichafu. Sahani, ndoo, hata jembe tulisugua kwa majivu na mchanga mpaka ving'ae. Na lile gamba lilikuwa na ukurutu na madoa ya kahawia. Nikachuchumaa bombani na wenzangu, nikalisugua nje na ndani kwa moyo wangu wote. Likatoka jeupe, laini. Mungu wangu, nilivyojisikia fahari!

Mwalimu aliligeuzageuza chini ya lenzi.

"Umelifanyaje?"

"Nimelisafisha, mwalimu. Kwa majivu."

Akavua miwani. "Mwanangu, hayo madoa ndiyo yaliyokuwa jina lake."

Akafunga kitabu.

Likizo ilipofika nilimkuta bibi barabarani, karai la viazi kichwani. "Kamwene, bibi," nikamwamkia. Hakuitikia hata salamu. "Wapi?" akauliza. Mdomo wangu ukasema, "Tanga." Sijui kwa nini Tanga. Ndilo jina lililokuja.

Akaenda. Bibi ambaye hakuwahi kuvuka Iringa mjini alipanda basi na shangazi, akazunguka makaburi ya watu siku nne, akarudi na udongo ndani ya kitambaa. Tuliuzika pale kwenye mianzi. Kila Jumapili baada ya kanisa alipalilia kile kituta na kukisimulia habari za nyumbani, nami nilimchotea maji ya maua. Nilijiambia nitamweleza Krismasi. Zikapita Krismasi ngapi! Nilikuwa mwoga, basi.

Aliomba alale kando ya mwanawe, na ndipo tulipomlaza. Mwalimu alishafariki, madereva wale sijui waliishia wapi. Nalipapasa gamba natafuta hata tuta moja. Laini kabisa.

"Dada, inakauka!" fundi anaita.

Natoka. Shangazi ananishangaa. "Si Tanga jamani? Mama mwenyewe alifika. Mwambie aandike."

Namwambia aandike.

Anaandika taratibu, msumari ukiinua vituta vidogo vya saruji pembeni ya kila herufi. Kesho vitakuwa vigumu, na hivi hakuna majivu yatakayovifuta.