Nyuzi Ambazo Baba Gitaa Hakuzilegeza

Hakuwa na mtoto, lakini wenzake kwenye bendi walimwita Baba Gitaa, naye akaitika. Gitaa lenyewe alichongewa na mwalimu wake, fundi wa magitaa, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Tangu hapo hakumwachia mtu mwingine alibebe hata kupanda ngazi.

Kwenye viwanja vya ndege alikuwa na ujanja wake. Sanduku gumu hakutaka hata kulisikia. Ukija na sanduku gumu, alisema, umeshawapa ruhusa ya kulitupa kwenye mizigo. Njoo na mfuko laini, likumbatie kifuani, waite dada, watakuonea huruma. Ujanja huo ulimfaa mara nyingi mno, ndiyo maana ukaja kumponza.

Safari hii mwalimu alikuwa hoi kitandani. Binti yake alipiga simu: "Kaka, baba anataka kulisikia lile gitaa. Usichelewe." Kesho yake asubuhi alikuwa uwanjani.

Mlangoni mhudumu alimsimamisha, kibandiko mkononi, na tabasamu la kufundishwa kazini.

"Kaka, ndege imejaa. Hilo linakwenda chini."

"Dada yangu, hizi ni mbao nyembamba. Litavunjika."

"Ndiyo maana tunabandika kwamba linavunjika."

Akabandika. Abiria wa nyuma yake akapita na begi la magurudumu lililofura kama limemeza jingine, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kila mpiga gitaa anajua: chombo kikienda chini, unalegeza nyuzi kwanza. Zikikazwa zinavuta shingo muda wote, na pigo dogo tu linatosha kuivunja. Ni kazi ya dakika mbili. Baba Gitaa hakulegeza hata uzi mmoja. Kulegeza kungekuwa kukubali kushindwa, na yeye alikuwa bado anabishana. Tena nyuzi zikishalegezwa hazitulii upesi, naye alitaka akifika tu apige. Alibishana mpaka wakataka kufunga mlango, akalikabidhi vilevile.

Aliposhuka na kulipokea, shingo ilikuwa inaning'inia ndani ya mfuko. Kwenye dirisha la malalamiko akapewa fomu ya fidia: je, mzigo ulikuwa kwenye sanduku gumu? Akajaza hapana. Karani akaisoma, akamrudishia bila kumtazama. Akalilaani shirika zima njia nzima hadi kwa mwalimu.

Mwalimu alikuwa chumba cha nyuma, ameegemezwa mito miwili. Alipitisha kidole pale shingo ilipoachana na mwili wa gitaa, polepole, kama alivyozoea kukagua kazi za wanafunzi.

"Ulilegeza nyuzi, mwanangu?"

Jibu alikuwa nalo. Aliona aibu, basi, aibu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mvi zote zile kichwani.

"Nililegeza, mwalimu. Zote."

Mzee akatikisa kichwa. Akaukwaruza mpasuko kwa ukucha, akaunusa.

"Basi ni gundi yangu," alisema. "Niliharakisha. Nisamehe."

Baba Gitaa akafungua kinywa. Binti akaingia na dawa, akatoka. Muda ulikuwepo, tena mwingi. Alikaa pale hadi jioni, ameshika mkono wa mzee, akimwambia kwamba amemsamehe.