Mashimo Kumi na Mawili ya Mama Witness

Siku ya maziko nilipewa mimi kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sauti inayofika nyuma. Nikasoma kama desturi yetu ilivyo: marehemu Ferista alizaliwa mwaka 1979 katika kata ya Mbebe, wilaya ya Ileje, akiwa mtoto wa nne, alibatizwa, akapata kipaimara, akaolewa na Kasiani wa Ihanda, walijaliwa binti mmoja, Witness. Nilipofika kwenye "amefariki mwaka 1641 akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili", hakuna aliyeguna. Tumeshazoea hesabu za namna hiyo.

Wasifu ule ulikuwa ukurasa mmoja na haukuwa na uongo. Ila kuna jambo niliruka, na nililiruka kwa sababu aliyelifanya ni mimi. Hapa naandika wote.

Naitwa Gibson. Nilikuwa bwana shamba wa kata. Siku kitongoji chetu cha Ihanda kilipong'olewa nilikuwa hapo na pikipiki ya ofisi, nawaonyesha watu namna ya kuweka mbolea ya kupandia. Ilikuwa Novemba, wingu limetanda, mbegu za mahindi zimeshanunuliwa Vwawa. Kilichotokea hatukijui hata leo, na anayesema anakijua anatafuta sadaka. Palikuwa na mwanga, na ngurumo isiyo na mvua, kisha barabara ya Vwawa ikaishia ghafla kwenye msitu wa miti tusiyoijua. Tulibaki kaya arobaini na mashamba yetu, mibuni yetu, kanisa, duka moja na mashine ya kusaga. Huko tulikoangukia baridi ndiyo kwanza ilikuwa inaisha. Jirani zetu wapya walikuwa Wajerumani waliovaa matambara, vijiji vyao vimechomwa, wamo kwenye vita ambavyo wenyewe hawakukumbuka vilianzaje. Mchungaji wao alitufungulia kitabu cha ubatizo akatuwekea kidole kwenye mwaka: 1634. Efraimu, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alidhani ni namba ya ukurasa.

Witness alikuwa bwenini, Vwawa. Watu walikwenda kwa Ferista kumpa pole wasijue waseme nini. Binti hakufa. Hajazaliwa, na asingezaliwa mama yake akiwa hai. Ferista aliwasikiliza, akawapa uji, kisha akarudi jikoni kugeuza viazi vyake.

Viazi hivyo vina habari yake. Wiki moja kabla alikuwa Mbebe kumzika mama yake, na kaka yake akamfungia madebe mawili ya mbegu, zimeshaanza kuchipua. Ihanda alikuwa akitaniwa kwa ajili ya viazi tangu alipoolewa. Kwetu kiazi ni cha kunywea chai. Kasiani mwenyewe, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mbuzi, alikuwa akimaliza bakuli zima la viazi, anajifuta mdomo, halafu anasema, "Mama Witness, mimi sijala bado." Hakuwa anamtukana. Alikuwa anasema kweli kama alivyoijua: ambaye hajagusa ugali hajala. Nyumba nzima ilicheka, na Ferista naye, huku anabandika maji ya ugali.

Tulipoitana kugawa mashamba ya kupanda, Efraimu aliniuliza mbele ya watu wote: "Bwana Shamba, wewe ndiye uliyesoma. Tupande nini?"

Nikasema mahindi. Nikasema ardhi yote nzuri iende kwenye mahindi, maana watu watakula ugali, hawatakula mchezo.

Ferista alisimama. "Bwana Shamba, huku ni baridi kuliko Mbebe. Mimi naomba robo eka tu, nipande viazi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kisha nikampa kipande cha nyuma ya vyoo vya kanisa, chenye mawe, ambacho hakuna aliyekitaka. Akashukuru.

Yale mahindi yalipendeza kuliko mahindi yoyote niliyowahi kuona. Mwezi wa saba yalikuwa yamempita mtu kwa urefu wa mtu mwingine, majani ya kijani iliyoiva. Wajerumani walikuja kuyashangaa. Watu wakaniita mtaalamu. Mimi peke yangu nilikuwa napita kwenye mistari asubuhi na jioni natafuta mbelewele, lile ua la juu ya mhindi, na sizioni. Kule jua lilikuwa linazama karibu saa tatu usiku, na mahindi yetu yamezoea mchana unaolingana na usiku; hayatoi ua mpaka siku zifupike. Hayo nilifundishwa chuoni. Niliyajibu kwenye mtihani nikapata maksi zote, halafu nikayasahau. Mbelewele zilitoka mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi, asubuhi moja, sakitu, ule umande ulioganda, ilianguka, na mpaka saa sita mchana mahindi yalikuwa yamelala na mibuni ya babu zetu imekuwa myeusi. Tulikaa chini, watu wazima, tukalia kwa sauti.

Nyuma ya vyoo vya kanisa Ferista alivuna magunia tisa.

Hakumcheka mtu. Manane aliyatoa, Efraimu akayagawa kaya kwa kaya. La tisa alilizuia. Alisimama kanisani baada ya ibada akasema hili ni mbegu, haliliwi na yeyote, hata mimi ninayelitunza nikionekana nimechemsha kimoja nifukuzwe. Tukakubali wote kwa kunyoosha mikono. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza.

Askari walipita mara mbili kabla ya Krismasi. Hatukuelewa lugha yao, lakini shida yao tuliielewa upesi. Walichukua ng'ombe, kuku, mablanketi. Mmoja aliingia kwa Ferista, akauma kiazi kibichi, akatema, akakipiga teke. Ndivyo mbegu ilivyopona.

Krismasi ilipokwisha magunia manane yalikuwa yamekwisha pia. Theluji ilifika magotini. Tulikula magome, tulikula ngozi za viti, tulikula mbwa bila kuyataja majina yao. Wazee walianza kufa, kisha watoto wadogo, kisha hata wasiokuwa wazee wala wadogo. Ile mbegu haikuwa ndani ya gunia. Ferista alikuwa ameipanga juu ya kichanja karibu na jiko, mstari kwa mstari, macho yakitazama juu, kama mama yake alivyofanya Mbebe. Kila siku alikigeuza kiazi kimoja kimoja na kukinusa. Alivijua viazi vile kama mwalimu anavyojua darasa lake.

Kila Alhamisi mchana mimi nilikwenda kukagua kama kuna kilichooza. Ndiyo kazi niliyopewa, maana bado waliniita Bwana Shamba.

Alhamisi ya pili ya Februari Ferista alikuwa ametoka kutafuta kuni. Kasiani alikuwa kitandani, ameelekea ukutani, miguu imevimba. Nilikagua mstari wa kwanza na wa pili. Kwenye mstari wa mwisho, ule wa ukutani, nilichukua viazi kumi na viwili nikavitia ndani ya koti, kisha nikavisogeza vilivyobaki ili pengo lisionekane. Sikuwa na mtoto wa kumsingizia. Sikuwa na mama mgonjwa. Nilikuwa na njaa, basi.

Nilipofika mlangoni Kasiani akasema, bila kugeuka, "Bwana Shamba, funga vizuri. Baridi inaingia."

Nilivila siku mbili.

Siku ya tatu Efraimu alinipitia twende kumwona mgonjwa. Nilikwenda, tumbo langu likiwa na kitu kwa mara ya kwanza tangu Januari, nikakaa kwenye kigoda miguuni pa kitanda. Kasiani alikuwa amebaki macho tu. Alituitikia salamu yetu, kisha akamwita mkewe.

"Mama Witness. Nichemshie kiazi kimoja."

Sidhani kama Ferista aliwahi kusikia neno hilo miaka yote ya ndoa yao. Aliangalia kichanja. "Baba Witness, vile ni mbegu."

"Kimoja tu."

Alimtazama Efraimu, na mimi nilimwona akiomba kwa macho aambiwe chukua, mpe. Efraimu alikuwa amezika wajukuu wawili wiki ile huku akipita mbele ya mlango huo kila siku. Aliinamisha kichwa.

"Hata kimoja ni mbegu, baba," Ferista akasema. "Nikitoa kimoja leo, kesho nitamnyima nani?"

Kasiani alinitazama mimi. Nilijua ana neno la kusema, na kwamba akilisema nitatupwa nje kwenye theluji na itakuwa haki. Nikasubiri. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayepima kama jambo fulani lina faida.

"Sawa," akasema. "Mbegu isiliwe."

Alikufa keshokutwa yake asubuhi. Kwa nini hakunitaja sijui. Huenda aliona kwamba asiye na bwana shamba, hata wa ovyo, hatapata mavuno. Huenda alichoka tu. Ardhi ilikuwa imeganda kama saruji. Tulilala na maiti siku nne huku tukiwasha moto juu ya kaburi ili jembe liingie. Ferista hakulia mpaka tulipofukia. Alipolia, alilia akisema, "Alisema kimoja. Kimoja tu." Kwa sauti hiyo hiyo, tena na tena, mpaka wanawake wakamshika.

Mwezi wa tano tukapanda. Safari hii ardhi nzuri yote ilikuwa yake. Alivikata viazi vipande, kila kipande na jicho lake, akavipaka majivu. Watu walisimama mstari na majembe, wamekonda, hakuna aliyecheka.

"Bwana Shamba, njoo hapa," akaniita. Akanipeleka mwanzo wa mstari wa kwanza. "Chimba mashimo kumi na mawili."

Nilichimba. Alipita nyuma yangu akiweka konzi ya samadi kila shimo. Nilisimama nikasubiri mbegu.

"Fukia," akasema.

"Mama Witness, hakuna mbegu."

"Najua kwamba hakuna. Fukia."

Nikafukia. Watu walidhani ni mila ya Wandali, watu wa kwao Mbebe, na hakuna aliyeuliza. Yeye akashika kikapu akaanza shimo la kumi na tatu. Mwaka ule tulivuna magunia themanini na hakufa mtu kwa njaa, wala haijatokea tena.

Kila mwaka alinifanyia hivyo. Miaka sita. Hakunisema, hakunitenga, akipika alinipakulia sawa na wengine. Niliwahi kumfuata nimwombe msamaha, akanikatiza: "Bwana Shamba, mimi nilimnyima mume wangu kimoja. Wewe ulikula kumi na viwili. Tusizungumze habari hiyo, tutaumizana bure." Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimedhani anabeba kosa langu. Kumbe alikuwa na lake, na hakuwa amekosa chochote.

Mwaka huu kifua kilimbana akafa mwezi wa pili, akazikwa karibu na Kasiani. Tukaanza kupanda bila yeye. Nilikwenda mwanzo wa mstari, nikachimba mashimo kumi na mawili, nikatia samadi, nikafukia.

Efraimu alikuwa nyuma yangu na kikapu. Amezeeka sana. "Gibson, mwenye mila yake amekufa," akasema. "Pande hili linaweza kumshibisha mtoto wiki nzima. Weka mbegu."

Nikamwambia. Nilimtajia Alhamisi ile, mstari wa ukutani, na idadi. Nilimwambia kwamba Kasiani alijua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Wajukuu wake wawili wamelala kaburi la tatu kutoka la Kasiani. Kisha akaweka kikapu chini, akachukua jembe mkononi mwangu, akafukua shimo la kwanza, akatia kipande cha kiazi, akafukia. Akaenda la pili. Alifika mpaka la kumi na moja.

La kumi na mbili aliliacha. "Hili ni la Kasiani," akasema. "Litabaki tupu, na kila mwaka utalichimba mbele ya watu."

Akanirudishia jembe.