Mkono Kwanza, Swichi Baadaye

Elinipendo hanunui kompyuta aliyoikuta inawaka. Wauzaji wa mitumba pale Holili wanaijua tabia hiyo na hawaipendi. Anafika mpakani asubuhi, wauzaji bado wanakunjua maturubai, anapita kwenye makasha ya kompyuta yaliyopangwa chini, na kabla hajauliza bei anaweka kiganja nyuma ya kila moja, pale kwenye feni, lilipo lile boksi la kupokea umeme ambalo mafundi huliita pawa saplai. Likiwa na joto, anapita zake, hata muuzaji aape kwa mama yake mzazi.

"Mama Eunike, unanunua au unapima homa?" alimtania siku moja Sirili, mmoja wa wauzaji hao.

"Napima homa. Na hii inayo. Umeanza kuipasha saa ngapi?"

Sirili alicheka, maana alikuwa ameipasha tangu alfajiri. Pawa saplai iliyochoka hulia ikiwashwa ikiwa baridi: pap, pap-pap, kama bisi kwenye sufuria. Ikishapata moto hutulia, na mteja akija anaikuta kimya kama mtoto aliyeshiba. Anaipenda, anailipia, na kesho yake akiiwasha nyumbani ndipo anaposikia alichonunua.

Haya Elinipendo hakufundishwa darasani. Aliuza ndizi za kwao Mwika, halafu nguo za mtumba Kiborloni, na kila biashara ilimwonyesha mahali muuzaji anapoficha ubovu: katikati ya mkungu, chini ya belo la nguo. Alipoingia kwenye kompyuta alianza kwa kutafuta mahali hapo, ndipo akajifunza mengine.

Sasa ana duka Moshi mjini, nyuma ya soko la Mbuyuni. Ni chumba kimoja chenye benchi na soketi nyingi, na hakina hata bango. Wateja wake wa kule mlimani, shule ndogo, wapiga chapa, wauza dawa za mifugo, hawaji kuchagua mashine. Wanakuja kusema, "Tupe za kwako." Maneno hayo ndiyo mtaji wake, na anajua hivyo. Kwa hiyo Magreth alipompigia simu msimu huu wa vuli, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Magreth anafundisha vijana kompyuta katika usharika mmoja wa Mwika. Mashine zenyewe zilipatikana kwa mnada. Jumapili baada ya ibada watu huleta mkungu, mayai, kuku, dumu la maziwa, vinauzwa pale nje ya kanisa, na mnunuzi akishalipa hurudisha alichonunua mezani kiuzwe tena. Mkungu mmoja huweza kuuzwa mpaka ukakaribia kuivia pale pale. Ndiyo kusema kila nyumba ilikuwa na kipande chake katika zile kompyuta. Na siku ya kuzikabidhi, Elinipendo alisimama mbele ya watu wote hao akasema, "Zikilia, niiteni."

Sasa zilikuwa zinalia. Magreth alisema ukizigusa swichi zinapasuka kama fataki, na moja ilitoa moshi hadi vijana wakakimbilia nje. Kamati ya usharika ilikuwa imeamua jambo hilo lisemwe Jumapili, hadharani, kwenye mnada. Primus, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, alikuwa ameshaalikwa alete bei zake.

Elinipendo aliona mbali zaidi ya hizo mashine. Usharika mmoja ukikutangaza mlimani, sharika nyingine zote zimesikia kabla watu hawajamaliza chai. Baada ya hapo nani tena angekuja kusema, "Tupe za kwako"?

Jumamosi asubuhi alipanda Mwika na bisibisi, brashi ya rangi, pampu ya baiskeli na pawa saplai mbili za akiba. Mzee Eliakim, mwenyekiti wa kamati, ndiye aliyempokea. Yeye ndiye aliyekuwa amewashauri watu wanunue kwa Elinipendo, na uso wake ulionyesha kwamba amekumbushwa hilo mara nyingi wiki hiyo. Elinipendo alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya chini, akaingia kazini. Hakujitetea wala kuomba radhi. Aliweka kiganja nyuma ya mashine ya kwanza. Kilirudi na unyevu. Akainama, akanusa.

"Hii inanuka kahawa," alisema.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Bati la darasa lilivuja, fundi akaitwa, kompyuta zikakosa pa kukaa. Mzee Eliakim akajitolea ghala lake, chumba chenye kufuli kubwa kuliko yote pale kihambani, shambani kwake alikojenga. Zikatandikiwa majani makavu ya migomba, zikafunikwa magunia, zikaegemezwa kwenye kahawa ya maganda, ile ambayo haijakobolewa. Hakuna mtu wa Mwika ambaye angeona kosa hapo. Ukimpa kitu cha thamani akutunzie, atakiweka na kahawa yake. Ila kahawa ile ilikuwa imeanuliwa harakaharaka, mvua ya vuli ikiifukuza, na ilikuwa ikitoa maji kimyakimya ndani ya chumba kilichofungwa. Juzi, asubuhi ya ukungu, mashine zikabebwa moja kwa moja hadi darasani, zikawashwa.

Alifungua boksi moja. Ndani, maganda mepesi kama mbawa za kumbikumbi yalikuwa yameingia kwenye matundu ya feni, yakashikana na vumbi lililolowa, katikati ya sehemu ambazo umeme hautakiwi kukutana. Ukikutana unaruka, na ukiruka unalia.

Mzee Eliakim alielewa kabla hajaambiwa. Alimtuma Magreth, aliyekuwa nao pale, akalete chai, akangoja afike mbali.

"Mwanangu, kesho utasema ni ghala langu?"

Mfanyabiashara mwingine angesema ndiyo, na angekuwa na haki. Elinipendo alimtazama yule mzee, akapima hasara ya kushinda kesi na kumpoteza mtu wa namna hiyo.

"Kesho nitasema ni unyevu wa vuli. Si uongo. Ila leo jua limetoka, nataka vichanja vyako vya kuanikia."

"Vina kahawa."

"Isogeze."

"Nitakupa nusu," alisema mzee.

"Nusu ya upande wa jua."

Mzee alitikisa kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaanza kuisukuma kahawa kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo siku ile majirani waliopita njiani waliona maboksi ya chuma yaliyofunguliwa vifuniko yakianikwa juu ya wavu, ubavuni mwa kahawa, na waliuliza ni zao gani hilo jipya. Elinipendo alipiga brashi, akapuliza kwa pampu, akageuza kila upande kama mtu anayegeuza kahawa juani. Mawili aliyatupa kando. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, na hizo hazina dawa. Akafunga yale mawili ya akiba, wala hakutaja bei.

Jumapili ibada ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Primus alikuwa amekuja na suti, na mashine mpya nyuma ya gari. Elinipendo hakutoa hotuba. Alieleza kwa kifupi habari ya unyevu, akaomba meza ya mnada, akatua kompyuta moja katikati ya trei ya mayai na mikungu ya ndizi, akavuta waya wa ekstensheni kutoka ofisini. Magreth aliitambua kwa mkwaruzo wake. Ilikuwa ni ile ile iliyotoa moshi.

"Mangi," Elinipendo alimwita Primus, kwa jina la heshima wanaloitwa wenye maduka, "njoo uweke mkono hapa. Mimi nina maslahi, wewe watakuamini."

Primus alisita. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na mtu anayekataa kugusa anaonekana anajua kitu. Akaweka mkono.

"Baridi," alisema.

"Akina mama wa nyuma hawajasikia."

"Ni baridi," Primus alirudia kwa sauti.

Elinipendo akabonyeza swichi. Watu walivuta shingo, na wawili watatu wa mbele wakarudi nyuma kidogo. Feni ikaanza kuvuma, na hakukusikika kingine isipokuwa kuku aliyefungwa chini ya meza. Akaizima, akangoja, akaiwasha tena. Kimya kile kile.

Ilibaki Mzee Eliakim afunge jambo. Walishakubaliana la kusema, na lingemtosha. Alisimama, akavua kofia.

"Unyevu ulikuwa wa ghala langu," alisema. "Niliziweka na kahawa. Nilidhani nimezipa heshima."

Watu walicheka, kicheko cha watu ambao wangefanya vile vile. Elinipendo alishusha macho kwenye waya wake. Alikuwa amemuuzia mzee ukimya kwa nusu ya kichanja, na mzee hakuutumia. Akamweka kichwani mwake kati ya wale wateja wachache asiohitaji kuwapima.

Mnada ukaendelea. Primus, kwa kutaka kuondoka na heshima, alipigania mkungu mkubwa kuliko yote. Elinipendo akashindana naye, akampandisha, akampandisha, kisha akanyamaza ghafla. Primus alilipa, akaubeba kuelekea garini, ndipo Magreth alipomnong'oneza kwamba hapa mtu hurudisha. Akarudisha. Ukauzwa tena, watu wakiwa wamechoka na jua, na Elinipendo akauchukua kwa bei laini.

"Hurudishi?" Primus alimuuliza.

"Nimerudisha pawa saplai mbili. Huu nakula."

Alipokuwa anaupakia, mama mmoja wa ushirika wa maziwa alimsogelea, akamsalimia Bwana asifiwe, akamwambia ofisi yao inahitaji kompyuta, na wasingependa kusumbuka kuchagua. Awape za kwake.

"Amina," alisema Elinipendo. "Kwanza niambie. Mtazilaza wapi?"